Mwaka 1947 kwenye ukuta wa stesheni ya TAZARA

Swali: "Nafundisha historia sekondari, hapa Makambako. Klabu yetu ya wanafunzi ilitembelea stesheni ndogo ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, upande wa kuteremkia Mlimba, ambako siku hizi treni hazisimami. Ukutani tumekuta mwaka 1947 umekwanguliwa kwa msumari, safu za alama kama ngazi iliyovunjika, mshale mwekundu wenye namba, neno NDULI, maneno SIASA NI KIL... yaliyofunikwa na rangi, na 'H.B. S.L.P. Mbeya nakusubiri tu'. Kuna mengine madogo madogo. Kijijini wanasema Wachina waliacha ramani ya mali, na kuna mtu ameshachimba chini ya mshale. Nimekutumia picha. Tunayasomaje haya, na tunajuaje ni ya lini?"

Mwalimu, nianze na huyo mchimbaji. Mwambieni aweke jembe chini kabla hajaangusha ukuta. Huku kwetu nyanda za juu kusini tuna ugonjwa wa siku nyingi wa kutafuta mali za Mjerumani, na naona sasa umehamia kwa Mchina bila kubadili dalili: mtu akiona alama asiyoielewa, anachimba. Mshale mwekundu wenye namba kwenye msingi wa jengo la reli ni alama ya wapimaji. Mpimaji huhitaji kitu kisichosogea, kama msingi wa jengo, nguzo ya daraja au mdomo wa handaki, ili atakayekuja na darubini kesho aanzie alipoishia yeye. Njia yote ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vingine, kwa sababu reli inatoka bonde la Kilombero inapanda hadi uwanda wa juu kwa kupitia mahandaki na madaraja yaliyofuatana. Mahali pa namna hiyo hupimwa mara nyingi, tena na tena. Ningeshangaa kama msingeukuta mshale hata mmoja.

Sasa huo mwaka 1947, ambao naona ndio uliowasisimua wanafunzi. Najua wanachotamani: kwamba kulikuwa na kitu cha Mwingereza hapo kabla ya Mchina. Hakikuwepo, angalau si cha reli. Reli ya Kati ya Mjerumani ilipita mbali kaskazini, na nyanda zetu zilikaa na barabara tu mpaka TAZARA. Mkataba wa nchi tatu, Tanzania, Zambia na China, ulisainiwa Beijing Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, mwaka 1973 reli ikavuka mpaka pale Tunduma, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Ukuta wenu basi ni wa miaka ya 1970, na hakuna mkono uliouandika kabla haujajengwa. Hilo ndilo jambo la kwanza kuwafundisha vijana: kabla ya kusoma neno lolote, ujue ukuta wenyewe una umri gani.

Tazameni tena picha ya pili, ile mliyopiga kwa karibu. Msumari umepasua chokaa nyeupe ukaingia kwenye lipu. Aliyekwangua alikuta chokaa imeshapakwa na imekauka. Halafu nendeni picha ya nne, yenye zile ngazi zilizovunjika. Hapo mambo ni kinyume: alama ziko kwenye lipu yenyewe, na chokaa iko juu yake, nanyi mmeziona kwa sababu chokaa imebanduka. Kwa hiyo ngazi zilitangulia, chokaa ikafuata, na 1947 ikaja mwisho. Namba inayotaja mwaka wa zamani kuliko yote ndiyo changa zaidi kati ya hivyo vitatu! Ningekuwa na kipindi kimoja tu cha darasani, ningekitumia kwa picha hizo mbili zikiwa zimewekwa bega kwa bega, bila kusema chochote, mpaka mwanafunzi mmoja aligundue mwenyewe.

Basi 1947 ni nini? Kushoto kwake naona "J.M." na kistari. Iko juu ya benchi la zege, kimo cha bega la mtu aliyekaa. Ni abiria, au mtumishi aliyemaliza zamu, ameketi anasubiri, ana msumari mfukoni, anaandika jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa. Wengi wa umri huo vijijini kwetu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwaka waliujua pale fomu ya shule au ya ajira ilipowauliza, na ukishakuwa nao unakuwa sehemu ya jina. Mtu wa 1947 alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu reli ilipokuwa inajengwa. Huyo ndiye J.M. wenu, na huenda ana wajukuu hapo hapo Makambako.

Ngazi zilizovunjika ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote, na hapa naomba nikae kidogo.

Alama hiyo ni herufi ya Kichina, hii: 正. Ina mistari mitano, na Wachina huitumia kuhesabia, kama sisi tunavyochora vijiti vinne na kuvikata kwa cha tano. Kila kitu kimoja kikipita, unaongeza mstari mmoja. Herufi ikitimia, umehesabu vitano, unaanza nyingine. Na mistari ina utaratibu usiobadilika: kwanza mlalo wa juu, pili wima unaoshuka katikati, tatu mlalo mfupi wa kulia, nne wima mfupi wa kushoto, mwisho mlalo mrefu wa chini unaofunga.

Rudini kwenye picha mkiwa na utaratibu huo. Nimehesabu herufi kumi na tatu zilizotimia, na ya kumi na nne ina mlalo wa juu, wima wa katikati na kale kamkia ka kulia, basi. Mistari mitatu. Kumi na tatu mara tano ni 65, jumlisha 3, ni 68. Ukuta wenu unasema sitini na nane. Hakuna hirizi hapo wala ramani. Ni hesabu ya stoo.

Nasema stoo kwa sababu ya mahali zilipo: pembeni ya mlango mpana wa nyuma, kimo cha kifua cha mtu aliyesimama, na zimeandikwa kwa penseli nene ya seremala. Mtu amesimama mlangoni, vitu vinapita mbele yake vikibebwa, na yeye anaweka mstari mmoja kwa kila mzigo. Lipu ilikuwa mbichi ya macho, yaani haijapakwa chokaa, kwa hiyo jengo lilikuwa bado mikononi mwa wajenzi. Hiyo inawapa wakati karibu kabisa: miaka ya mwanzo ya 1970, baada ya lipu, kabla ya chokaa. Ni nadra ukuta kukupa mipaka miwili iliyokaribiana namna hiyo.

Lakini msikimbilie kusema mkono ulikuwa wa Mchina. Ile herufi isiyotimia inathibitisha kwamba aliyeandika alijua utaratibu wa mistari. Anayeiga kwa kupendezwa na umbo huchora umbo zima, haachi kipande, na haanzi na mlalo wa juu kila mara. Hapo ndipo ushahidi unapokoma. Makarani na vibarua wa Kitanzania walifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina kwa miaka, na hesabu ya mlangoni ni kitu anachojifunza mtu asubuhi moja. Mzee yeyote wa Mlimba au Makambako aliyewahi kubeba saruji au mataruma kwenye ujenzi ule anaweza kuwa anaijua mpaka leo. Mpeni penseli, mwambieni ahesabu mifuko, mtazame mkono wake.

Nirudi kwenye NDULI. Vijana wako wameandika kwamba ni laana dhidi ya Idi Amin, na sina ugomvi na akili yao. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, "nduli" lilikuwa jina lake kwenye redio, kwenye mikutano na midomoni mwa watoto. Ila wamesahau kwamba wako mkoa jirani na Iringa, na Iringa ina Nduli yake, pale penye uwanja wa ndege. Mtu anayemlaani Amin kwa kawaida huongeza kitu: jina lake, bunduki, mchoro wa mtu mnene mwenye kofia. Hapa kuna neno tupu, na chini yake, kwa herufi ndogo, "IR". Huyo ni mtu wa Nduli, Iringa, anataja kwao. Reli haifiki Iringa mjini, kwa hiyo alikuja Makambako kwa basi, akapanda treni kuteremkia Kilombero, labda kwenye mpunga au miwa. Nakiri tafsiri hii haina mvuto wa ile ya vita, na najua mwanafunzi aliyeileta ya vita atanuna. Mwacheni anune.

SIASA NI KIL... inakamilika yenyewe: Siasa ni Kilimo, Azimio la Iringa, 1972. Mna bahati kuwa na kaulimbiu iliyozaliwa Iringa kwenye ukuta wa upande huu. Tahadhari ni moja. Mwaka 1972 unawaambia maneno hayo hayakuandikwa kabla ya hapo. Hauwaambii yaliandikwa lini. Kaulimbiu haifi siku inayofuata, na watu waliendelea kuipaka kwenye kuta muda mrefu. Kinachosaidia zaidi ni brashi. Herufi zina kimo kimoja, zimepangwa kwa mstari wa chaki ambao bado unaonekana chini ya S, na rangi ni ya mafuta. Abiria hasafiri na kopo la rangi ya mafuta. Hiyo ni kazi iliyoagizwa, ya tawi la chama au ya uongozi wa stesheni, ikaja kufunikwa na wapaka rangi walioagizwa nao. Msiiweke kapu moja na misumari.

H.B. ndiye anayenipa raha. "H.B. S.L.P. Mbeya nakusubiri tu", na pembeni, kwa mkono uleule, "Ijumaa saa 4 usiku". Wale wa umri wangu watakumbuka kadi za salamu za redioni: jina au herufi za jina, sanduku la posta, mji, kisha ujumbe mfupi kwa fulani na fulani popote walipo. Nimeona maandishi mengi ya stesheni yaliyofuata mtindo huo huo, na mara nyingi hayakukusudiwa kwa mtu yeyote maalumu. Mwandishi anatangaza yupo. Lakini huyu ana siku na saa, kwa hiyo huenda kulikuwa na mtu kweli.

Hiyo "saa 4 usiku" ina kazi nyingine. Watumishi wa reli huandika saa kwa mtindo wa saa 24, kwa sababu ratiba ndivyo ilivyo. Upande wa pili wa ukuta, pale mlipoona mashimo ya skrubu, kuna "22.10" na "03.45" zimeandikwa kwa kalamu ndogo ndogo. Nadhani hapo ndipo simu ya stesheni ilipokuwa imetundikwa, na mtu wa zamu aliandika saa za treni kwa mkono mmoja huku ameshika simu kwa mkono mwingine. Ukuta mmoja, saa mbili: ya kazini na ya uswahilini. Ukikutana na tarakimu zisizoeleweka kwenye stesheni yoyote, jiulize kwanza ni saa ya nani.

Hayo madogo nayapitia haraka. "841 KJ" ni kikosi cha JKT Mafinga, basi kijana wa jeshi la kujenga taifa akienda au akirudi. "F.V PCM" ni mwanafunzi wa kidato cha tano, fizikia, kemia na hisabati, shule za bweni za Mbeya na Iringa zilijaza treni kila zilipofungwa. "MMD" yenye vidole viwili vilivyochorwa ni ya msafiri wa Zambia, na haiwezi kuwa kabla ya 1990, maana chama hicho hakikuwepo. Kilimwondoa Kaunda kwa kura Oktoba 1991. "Tukuyu Stars bingwa" ni ya 1986 au baada yake, mwaka waliotwaa ligi na nusu ya Rungwe ikakosa usingizi. Namba ya simu ya tarakimu kumi inayoanza na 07 ni ya zama za simu za mkononi, ambazo huku kwetu ni za juzi tu. Yale ya chooni mmefanya vizuri kutonitumia, ingawa nayo yana historia yake.

Kuna mtego mmoja kwenye jedwali la wanafunzi. Wameandika kwamba "Makambako – Njombe" lazima iwe baada ya 2012, kwa kuwa ndipo mkoa wa Njombe ulipoanzishwa. Hapana. Makambako ilikuwa wilaya ya Njombe ndani ya mkoa wa Iringa muda mrefu kabla ya hapo, na mtu wa 1980 angeweza kuandika hivyo bila kosa. Ingekuwa imeandikwa "Mkoa wa Njombe", wangekuwa sahihi. Vivyo hivyo Tunduma na Songwe: neno "mkoa" ndilo linalobeba mwaka, 2016, si jina lenyewe.

Mtaona sijagusa maana ya maneno mpaka nimeuliza mambo mengine: kimeandikwa kwa kifaa gani, kiko juu au chini ya rangi ipi, mwandishi alikuwa amekaa au amesimama, na alikuwa anafanya nini mahali hapo. Wengi huanza na maneno, wakishayapenda wanatafuta ushahidi wa kuyaunga mkono. Ndiyo maana kila "A.K." kwenye kuta za reli hii anageuzwa mpigania uhuru. Ni kweli wapigania uhuru walipita huku, na wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, walikuwa na kambi Mgagao, Iringa. Lakini mtu aliye safarini kwa siri ana sababu nzuri ya kutoandika jina lake stesheni. Mkipata ukuta wenye jina la chama cha ukombozi, nitafurahi kuuona, na bado nitauliza kuhusu chokaa kwanza.

Mkirudi, na mrudi mapema, fanyeni hivi. Ombeni ruhusa kwa mkuu wa stesheni iliyo jirani, hata kama jengo limeachwa. Ni mali ya reli, na kundi la wanafunzi pembeni ya njia ya treni linahitaji mtu anayejua treni ya mizigo inapita saa ngapi. Pigeni picha ya ukuta mzima kabla ya kusogea karibu, kwa sababu picha za karibu pekee, kama hizi mlizonitumia, zinanilazimisha kubahatisha kimo. Wekeni rula ndani ya picha. Kwa yaliyokwanguliwa, ingieni chumba chenye giza au ngojeni jioni, mshike tochi ikiwa imelala ubavuni mwa ukuta, si mbele yake. Mwanga wa ubavu huweka kivuli kwenye kila mchubuko, na herufi ambazo mchana hazikuwepo zinajitokeza. Badilisheni upande wa tochi mpige tena. Kwa rangi iliyofifia kuna programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa kwa ajili ya michoro ya miambani, nayo husaidia hata kwa rangi ya mafuta iliyo chini ya chokaa nyembamba. Mkitaka kuijaribu kwanza, michoro ya Igeleke pale Iringa inafaa.

Msiloweshe ukuta, msifute vumbi kwa kitambaa, na kwa hali yoyote msifuatishe herufi kwa chaki ili "zionekane vizuri". Nimeona ukuta mzuri ukiharibiwa hivyo na watu wenye nia njema: baada ya chaki hakuna tena anayeweza kusema mstari upi ni wa zamani. Maandishi ya mkaa yaliyopo ukuta wa ndani ndiyo hasa msiyaguse. Ukuta wa nje unaotazama bonde hupigwa na mvua, kwa hiyo mkaa wowote mlioukuta nje ni wa karibuni.

Kwa wazee, onyesheni picha bila kusema mnachodhani. Ukimwambia mzee "hii ni ya wakati wa vita, sivyo?" atakuitikia kwa adabu, na utaondoka na wazo lako mwenyewe likiwa limevaa koti lake. Muulizeni tu alikuwa anafanya kazi gani, alikaa wapi akisubiri treni, stoo ilikuwa na nini. Mengine yatakuja.

Majina na herufi za watu msiyaweke hadharani mtandaoni. J.M. anaweza kuwa hai, na H.B. anaweza kuwa bibi wa mwanafunzi wako, aliyeolewa na mtu mwingine kabisa. Kwenye ripoti ya klabu andikeni "abiria, kwa msumari, juu ya benchi".

Nimesema mrudi mapema kwa sababu Septemba 2024, Beijing, marais wa nchi hizo tatu walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya kuihuisha reli hii. Ni habari njema kwa Makambako na kwa kila mwenye mzigo. Lakini stesheni ikifufuliwa, kitu cha kwanza kuguswa ni ukuta: lipu mpya, rangi mpya, na hakuna fundi atakayeacha mita moja ya chokaa chakavu kwa ajili ya hesabu ya sitini na nane. Picha zikiwa na rula, kimo na mwanga wa pande mbili, zitatosha.

Mkifika, mnipigie picha tena pale chini ya safu ya ngazi, kulia. Kuna kitu kama tarakimu kimefunikwa nusu na chokaa. Wachina huandika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa hiyo kama ni tarehe, tarakimu nne zitakuwa kushoto. Msibandue chokaa. Tochi itoke kushoto, chini, karibu na sakafu.